Daftari la Mwandiko

Kila siku saa kumi na moja jioni, meza ya chakula katika nyumba ile ilikuwa haiguswi. Mwenye meza amerudi kutoka chuoni. Aliifuta kwa kitambaa mara mbili, akatandaza gazeti, akapanga vifaa vyake: kalamu ya buluu, kalamu nyekundu, rula, na daftari kubwa lenye jalada la plastiki. Kisha akaanza kunakili.

Chuoni walimwita Mwandiko. Alipewa jina hilo siku ya tatu tu ya masomo. Mwalimu wa umeme alilifungua daftari lake, halafu akalizungusha darasa zima ili kila mtu alione. Kabla ya hapo Mwandiko alikuwa amekaa miaka tisa nyuma ya kaunta ya duka la dobi, akiandika vibandiko vya nguo. Shati la nani, suruali ya nani, ichukuliwe lini. Katika miaka hiyo tisa haikupotea hata soksi moja, na jambo hilo alipenda kulitaja. Duka lilipofungwa, aliingia chuo cha ufundi kusomea umeme, akiwa na miaka thelathini na minane.

Jioni hiyo alikuwa ananakili masomo yote upya, kwa mara ya tatu. Daftari la kwanza liliingia doa la chai. La pili, mistari ya pembeni haikunyooka.

Mama mkwe wake alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akimenya viazi. Alikuwa na miaka sitini na miwili na maneno hayakumwishia. Mwaka huo alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima, Jumanne na Alhamisi. Sasa alisoma chochote kilichopita mbele yake, pakiti za chumvi, matangazo ukutani, hata maandishi ya kwenye fulana za watu.

"Hilo daftari ndilo litakalofanya mtihani?" aliuliza.

"Mama, usinitanie. Najifunza."

"Naona unajifunza kuandika. Si ulishajua?"

Mwandiko alipiga mstari mwingine kwa rula. Maneno yalimchoma, kwa sababu siku mbili nyuma matokeo yalikuwa yamebandikwa kwenye ubao wa chuo. Wanafunzi watano walioazima daftari lake walikuwa wamefaulu wote. Yeye alikuwa amefeli, na hiyo ilikuwa mara ya pili. Mtu mmoja pale ubaoni alisema daftari limefaulu, mwenyewe kabaki. Watu walicheka, na yeye akacheka nao. Alipofika nyumbani alijifungia bafuni, akafungua bomba ili asisikike, akalia.

Mtihani wa tatu ungekuwa baada ya wiki saba. Kanuni ya chuo ilikuwa wazi. Anayefeli mara tatu anarudisha kitambulisho na kwenda zake.

Mume wake, ambaye alikuwa seremala, alirudi akiwa na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Alimtazama mkewe, akatazama daftari.

"Mwenzangu, pumzika kidogo. Labda kichwa kimejaa."

"Kikijaa si ndiyo vizuri?" alisema Mwandiko. "Tatizo ni kwamba nikifika pale mbele, kinakuwa kitupu."

Kisha akamsimulia, kwa mara ya kwanza, kilichotokea katika mtihani wa vitendo. Msimamizi alimweka mbele ya ubao wa nyaya. Akamuuliza, kabla hujagusa chochote, unafanya nini? Mwandiko aliuona ukurasa kichwani. Ulikuwa ukurasa wa kumi na saba, kichwa cha habari kwa wino mwekundu, hatua tano kwa wino wa buluu. Aliuona kabisa, ila maneno hayakuja. Akasimama na bisibisi mkononi mpaka msimamizi akamwambia asante, inatosha.

"Nilijiona mjinga," alisema. Seremala akamshika bega.

Mlango ukagongwa.

"Hodi hapa."

"Karibu," alijibu mama mkwe, na alipomwona mgeni akaongeza kwa sauti ya chini, "Bibi Dakika huyo."

Bibi Dakika alikuwa mtafiti. Alikaa nyumba ya chini katika jengo hilohilo, na muhula huo alikuwa anafanya utafiti wake chuoni. Alikaa nyuma ya darasa na saa na karatasi. Kila dakika tano aliandika wanafunzi wanafanya nini: wanasikiliza, wananakili, wanajaribu, wanauliza, wanasinzia. Wanafunzi walimwogopa. Walisema ametumwa kuwatafuta wavivu. Ndipo wakambandika jina hilo, naye alipolisikia akalipenda.

"Samahani kwa kuwaingilia," alisema. "Nimefuata karatasi yako ya wiki, dada. Wenzako wote wamerudisha."

Kila mwanafunzi alikuwa amepewa karatasi ya kujaza alivyojifunza kila siku, na kwa muda gani. Mwandiko aliinuka haraka.

"Ipo, dada, ipo. Nilikuwa bado nainakili, ile ya kwanza ilikuwa chafu."

Bibi Dakika alitazama karatasi mbili alizopewa. Zilikuwa zinafanana neno kwa neno. Akakaa bila kuambiwa, akatoa miwani.

"Wiki hii umejifunza saa kumi na nne nyumbani," alisema. "Hakuna mwenzako aliyefikisha saa hizo. Na katika saa kumi na nne, kunakili ni kumi na mbili. Kusoma tena ulichonakili ni mbili. Kujaribu bila daftari ni sifuri."

"Nitajaribuje bila daftari na bado sijajua?"

"Hapo hapo ndipo penye swali langu la utafiti," alisema Bibi Dakika. "Tufanye jambo moja dogo. Lifunge daftari. Niambie hatua tano za kufanya kabla ya kugusa waya."

Mwandiko alifunga daftari. Alijua. Alikuwa amezinakili saa moja iliyopita.

"Kwanza, zima swichi kuu. Halafu, halafu pima kama hakuna umeme." Akatazama jalada la daftari. "Kuna kufuli mahali fulani."

Kiazi kilidondoka kwenye sufuria ya maji. Mwandiko alihisi uso unawaka, na machozi yakaanza tena kujikusanya.

"Usione aibu," alisema Bibi Dakika. "Wengi tunadanganyika hivyohivyo. Ukisoma ukurasa mara ya tatu, unautambua. Ukiutambua, unadhani unaujua. Lakini kumtambua mtu njiani ni jambo moja, kulikumbuka jina lake ni jingine. Ni mara ngapi umesalimiana na mtu dakika kumi, jina lake hulijui?"

"Marehemu mume wangu alikuwa hivyo kila siku," alisema mama mkwe. "Mungu amrehemu."

"Mtihani haukuonyeshi ukurasa," aliendelea Bibi Dakika. "Unakutaka utoe kichwani, tena kwa mikono. Sasa wewe mazoezi ya kutoa huna. Una ya kuingiza tu."

"Mbona wenzangu walitumia daftari langu wakafaulu?"

"Niliwaona. Walikaa nyuma ya karakana. Mmoja analishika daftari, anauliza. Wenzake wanajibu bila kuangalia. Wakikosea wanasahihishana hapohapo, halafu wanaenda kwenye ubao wa nyaya wanajaribu. Walikuita, mara mbili. Ulisema una kazi ya kunakili."

Lo, kumbe. Mwandiko alilikumbuka hilo vizuri kabisa.

"Basi kunakili ni kosa?"

"Si kosa. Andika mara moja, vizuri, upate pa kuangalia ulipokosea. Baada ya hapo, jiulize na ujibu. Leo, halafu kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Fanya kwa mikono. Na mtafute mtu wa kumweleza, mtu asiyejua umeme, atakayekuuliza kwa nini."

Wote wakamgeukia mama mkwe, aliyekuwa ameshika kisu hewani.

"Mimi hata kusoma kwenyewe ndiyo kwanza naanza," alisema.

"Ndiyo vizuri," alisema Bibi Dakika. "Utasoma maswali."

Kesho yake, Mwandiko alikata karatasi ngumu vipande vidogo. Kwenye kila kipande aliandika swali moja, kwa herufi kubwa, ili mama mkwe aweze kuzisoma. Jibu lilikuwa nyuma. Jioni ilipofika, meza ilikuwa na viazi na karatasi pamoja.

"Ha-tu-a," alisoma mama mkwe, kidole kikifuata herufi. "Hatua. Hatua tano ni zi-pi. Hatua tano ni zipi?"

"Zima swichi kuu. Funga kwa kufuli. Weka kibao cha onyo." Mwandiko alikwama. "Pima kama hakuna umeme."

"Hizo ni nne. Hata mimi najua kuhesabu."

"Ya tano imenitoka."

Mama mkwe aligeuza karatasi, akahangaika na herufi kama mtu anayechambua mchele. "Ha-ki-ki-sha ki-pi-mo ki-na-fa-nya ka-zi. Hakikisha kipimo kinafanya kazi. Kabla ya kupima. Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini ukipime kipimo? Kipimo si ndicho kinachopima?"

Mwandiko alikuwa ameinakili hatua hiyo mara tatu na hakuwahi kujiuliza. Akafikiri. Alifikiri mpaka mama mkwe akamaliza kiazi kizima.

"Kwa sababu kipimo huwaka kikikuta umeme, na kibovu hakiwaki," alisema polepole. "Umeme ukiwepo, hakiwaki. Usipokuwepo, hakiwaki. Utadhani pako salama, ushike waya, ufe. Kwa hiyo kwanza unakijaribu mahali unapojua umeme upo. Ukimaliza kupima, unarudi kukijaribu tena."

"Ahaa," alisema mama mkwe. "Basi kipimo kibovu ni shemeji yako, yule mwanangu mwingine. Kila ukimuuliza jambo, jibu ni hakuna shida, hakuna shida. Nyumba inaungua, hakuna shida."

Walicheka mpaka seremala akaja kuchungulia. Tangu siku hiyo hatua hiyo iliitwa Shemeji, na Mwandiko hakuisahau tena.

Lakini wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Zamani akimaliza kunakili alijisikia mtu wa maana. Sasa kila jioni alikosea, tena mbele ya mkwe. Siku ya tano uvumilivu ulimshinda. Mama mkwe aliporudi kutoka kisomo, alimkuta amelifungua daftari la tatu, rula mkononi.

"Nimekukamata," alisema mama mkwe.

"Mama, niache. Kwa njia hii naona sijui kitu. Kwa ile naona najua."

Mama mkwe alikaa, akavua viatu. "Mwanangu, mimi nina miaka sitini na miwili. Kila Jumanne nasimama mbele ya watu nasoma, nakosea, mtoto wa mwenye kibanda ananicheka dirishani. Na leo nimesoma sentensi nzima. Unadhani nilisoma kwa kuitazama tu?"

Mwandiko alilifunga daftari. Jioni hiyo alimsimulia Bibi Dakika kwenye ngazi, naye akasema ni kawaida kabisa. Njia inayofundisha zaidi huonekana ngumu mwanzoni, alisema. Watu wengi huiacha hapo, wakidhani haifanyi kazi.

Kilichobaki kilikuwa mikono. Seremala alimtengenezea mkewe ubao laini, akautoboa matundu, akaupiga msasa mpaka hauchomi. Mwandiko akafunga swichi mbili, taa moja ndogo, na betri kavu ili asicheze na umeme wa ukutani. Ilikuwa taa ya ngazi. Swichi moja chini, nyingine juu, na zote mbili ziweze kuiwasha na kuizima. Aliiunganisha, akaibomoa, akaiunganisha tena. Mara ya kwanza ilimchukua saa nzima. Mwisho wa wiki ya tatu, dakika kumi na mbili.

Hapo mama mkwe akagundua mchezo wake. Jumatatu moja Mwandiko alirudi kutoka chuoni, akabonyeza swichi, taa haikuwaka. Mama mkwe alikuwa ameketi dirishani, ametulia mno.

"Mama, umegusa ubao wangu?"

"Nimekuharibia," alisema mama mkwe, bila hata chembe ya haya. "Mafundi wanaitwa penye ubovu. Tafuta."

Mwandiko alitafuta dakika arobaini. Waya mmoja ulikuwa umelegezwa. Kesho yake betri ilikuwa imebadilishwa na iliyokufa. Keshokutwa yake, skurubu ilikuwa imekazwa vizuri, lakini juu ya plastiki ya waya badala ya shaba. Kwa macho kila kitu kilikuwa sawa. Ubovu huo ulimtoa jasho. Alipoupata, mama mkwe aliguna kwa masikitiko, kama aliyeshindwa bao.

"Umejuaje?"

"Nieleze?"

"Si ndiyo kazi yangu, kuuliza?"

"Nilianza kwenye betri. Umeme upo. Nikaenda mpaka swichi ya kwanza. Unaingia, hautoki. Basi ubovu uko hapo, siyo kwingine. Sikubahatisha."

"Zamani ulibahatisha?"

"Zamani nilikumbuka mchoro tu. Ubovu haumo kwenye mchoro."

Siku ya mtihani, seremala alimsindikiza mpaka lango la chuo. Mama mkwe alibaki nyumbani, kwa sababu alisema miguu haina nguvu. Ukweli ni kwamba alikuwa na wasiwasi kuliko mwenye mtihani.

Msimamizi alikuwa yuleyule. Ubao ulikuwa uleule, mkubwa, ukutani, wenye umeme wa kweli. Msimamizi alifungua jalada lake.

"Kabla hujagusa chochote, unafanya nini?"

Safari hii Mwandiko hakuona ukurasa. Alimwona Shemeji, na kicheko kikamjia kooni, akakimeza.

"Nazima swichi kuu," alisema. "Naifunga kwa kufuli, ufunguo nakaa nao mwenyewe. Naweka kibao cha onyo. Nahakikisha kipimo kinafanya kazi. Ndipo napima kama hakuna umeme, na nikimaliza nakijaribu kipimo tena."

"Kwa nini ukijaribu tena?"

"Kinaweza kuwa kimekufa katikati ya kazi. Kikifa, kitaniambia hakuna shida."

Msimamizi aliinua macho kutoka kwenye karatasi. "Taa hii ya ngazi haiwaki. Una dakika thelathini."

Mwandiko alifuata hatua zake tano, kisha akafungua swichi ya chini. Nyaya zilikuwa zimekazwa. Swichi ya juu, vilevile. Akaangalia skurubu moja moja kama zimebana shaba au plastiki. Zilibana shaba. Taa yenyewe ilikuwa nzima. Huu ulikuwa ubovu ambao mama mkwe hakuwahi kuufikiria. Mikono yake haikusimama. Ubovu una mahali pake, alijiambia. Akachukua mita, ile inayolia waya ukiwa mzima, akapima waya mmoja mmoja, mwanzo hadi mwisho. Wa kwanza mzima. Wa pili mzima. Wa tatu, mita ikanyamaza. Waya ulikuwa umekatika ndani ya plastiki yake, mahali ambapo jicho haliwezi kuona.

Aliubadilisha, akafunika kila kitu, akatoa kufuli, akawasha. Alibonyeza chini, taa ikawaka. Akabonyeza juu, ikazimika. Akabonyeza tena juu, ikawaka.

"Dakika kumi na tisa," alisema msimamizi. Alifunga jalada lake. "Mara ile ulisimama hapo hapo na hukusema neno. Umefanya nini?"

"Niliacha kunakili," alisema Mwandiko. "Na nina mkwe mharibifu."

Matokeo yalibandikwa Ijumaa. Mwandiko alikuwa wa kwanza katika mtihani wa vitendo, kati ya watu ishirini na sita. Alisoma ubao, akausoma tena, halafu akalia palepale mbele ya watu, na safari hii hakutafuta bomba la kufungua. Wenzake walimbeba juujuu mpaka mlango wa karakana, wakakaribia kumwangusha, kwa sababu si mwepesi.

Bibi Dakika alisoma utafiti wake mbele ya walimu wiki hiyohiyo. Mwalimu wa umeme hakufurahi kusikia kwamba nusu ya saa zake darasani zilikwenda katika kunakili. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu, dakika kumi kabla ya kengele, aliwaambia wanafunzi wafunge madaftari na kuulizana. Tangu hapo hakuacha.

Taa ya ngazi katika jengo lao ilikuwa imekufa miezi minane. Watu wa juu walishuka wakipapasa ukuta. Mwandiko alimwomba ruhusa msimamizi wa jengo, na Jumamosi asubuhi akashuka na mfuko wa vifaa. Majirani walijaa kwenye ngazi. Alizima, akafunga kufuli, akaweka kibao. Mama mkwe alisimama juu, mkono kwenye swichi, akimkumbusha kila mtu kwamba yeye ndiye mwalimu wa fundi. Ubovu ulikuwa skurubu iliyobana plastiki.

"Huo ni wangu," alisema mama mkwe kwa fahari. "Huo niliufundisha mimi."

Taa iliwaka. Watu walipiga makofi, na Bibi Dakika akapanda na kushuka ngazi mara mbili bila sababu yoyote.

Jioni ilipofika, cheti kiliwekwa mezani, juu ya gazeti safi. Mama mkwe alivaa miwani, akakisoma chote kwa sauti, herufi kwa herufi, mpaka lile neno kubwa la katikati. Fundi. Kisha akaliona daftari la tatu, lile ambalo halikumalizika. Lilikuwa na kurasa nyingi tupu.

"Hili unalitaka?"

"Chukua, mama."

Alichukua kalamu ya buluu. Akaanza kunakili neno hilo kutoka kwenye cheti, taratibu, ulimi nje, akivuta kila herufi inyooke. Alifanya vizuri sana. Mwandiko alimwangalia mpaka akamaliza, kisha akakigeuza cheti kifudifudi, akalifunika neno lililonakiliwa kwa kiganja.

"Sasa andika bila kuangalia."

"Wewe mtoto."

"Si ndiyo kazi yangu, kuuliza?"

Mama mkwe alimkazia macho. Halafu akainama, akafikiri, akaandika. Herufi zilipanda na kushuka, ya mwisho ikatoka nje ya mstari. Lakini zilikuwa tano, na zote zilikuwa mahali pake.